Ni Kuchora Tu? Basi Chora Mwenyewe

Jana nimepata ujumbe mwingine: "Niaje, nifanyie logo haraka, ni kitu ya dakika tano tu. Nitakutaja kwa ukurasa wangu." Wacha leo niseme wazi, na atakayeudhika audhike. Kutajwa hakulipi kodi ya nyumba. Landilodi wangu hana hata Instagram.

Nilianza kuchora nikiwa darasa la nne, nyuma ya daftari la hesabu. Nyumbani niliambiwa nitakufa maskini. Shuleni nilichapwa kwa kuchora matatu wakati wa somo. Lakini siku ya wazazi ikikaribia, nani aliitwa kupamba ukuta? Mimi. Bure. Ndivyo tunavyofunzwa mapema kwamba kipaji ni cha kusaidia watu, si cha kukulisha.

Na huo ni uongo, kwa sababu nchi hii inawalipa wabunifu tangu zamani. Shika leso ya mamako uiangalie. Ina pindo, ina mji, ina jina. Kuna mtu alikaa chini akapima, akapanga rangi, akachagua maneno ya kumfanya mama wa Mombasa anunue doti nzima. Hiyo ni dizaini. Nenda stage pia. Matatu mbili, njia moja, nauli moja, na bado vijana wanaiacha ile tupu wanangojea iliyochorwa. Mwenye gari halipi mchoraji kwa huruma, analipa kwa sababu mchoro unajaza viti.

Lakini hata sisi wachoraji tuache kujidanganya. Kupenda sanaa si kazi bado. Nikichora, nachora ninachohisi. Nikifanya dizaini, natatua shida ya mtu. Logo lazima isomeke kwa kikombe na kwa lori, na isipotee ikichapwa nyeusi kwa risiti. Lazima ujue mbona ile bluu kali ya skrini inatoka imefifia kwa karatasi: skrini inatumia RGB, mashine ya kuchapa inatumia CMYK. Kama hutaki kujifunza hayo, endelea kuchora kwa raha zako, hakuna ubaya. Ila usilalamike ati wateja hawathamini kipaji.

Kitu kingine tunachokwepa ni karatasi. Mimi nilifunzwa kwa uchungu. Kuna hoteli niliyoifanyia logo kwa makubaliano ya mdomo. Nikatuma faili zote. Tiki mbili za bluu, halafu kimya. Miezi kadhaa baadaye nikaiona kazi yangu kwa bango, kwa aproni za wahudumu, hadi kwa boda ya kupeleka chakula. Nikaenda kudai kwa hasira, eti "hiyo ni yangu!" Rafiki anayejua sheria akanisomea kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001: kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabika imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mna makubaliano yanayozuia hivyo. Mimi sikuwa na makubaliano. Nilikuwa na emoji ya kidole gumba.

Tangu siku hiyo, nusu inaingia M-Pesa kabla sijafungua laptopu. Ukurasa mmoja, sahihi mbili: nafanya nini, marekebisho mara ngapi, na hakimiliki inabaki kwangu hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Wengine hukasirika wakaenda. Waende.

Najua mtaniambia, "Lakini anayeanza lazima ajulikane kwanza." Sawa. Basi chagua wewe. Mchoree mama mboga wa mtaani bango zuri, kama zawadi, na upige picha za kazi yako. Zawadi unaitoa ukipenda. Ila kampuni yenye magari na wafanyakazi wa mshahara kukuomba zawadi, huo ni ujanja. Fundi wa mabomba wao humwambia watamtangaza? Si wanamlipa?

Na wazazi, mtoto akichora nyuma ya daftari, msimchape. Muulizeni anauza ngapi.

Yule wa jana nimemtumia bei. Akajibu, "Eh, kumbe unauza?"

Ndiyo. Nauza.

Wachoraji mlio hapa, wangapi mmewahi kulipwa kwa "tutakutangaza"? Semeni bila aibu.