SIKU 60 BILA MKEKA



Ndugu zangu, kijana akisema ametimiza siku 60 hajabeti, msimwambie "tutaona, atarudi tu." Huko ni kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yenu. Mwambieni mashaAllah, muombeeni thabati. Katika Surat Yunus aya ya 58 tumeamrishwa tufurahie fadhila na rehema za Allah. Kutolewa kwenye kamari, iliyotajwa pamoja na pombe katika Surat al-Maidah, si rehema hiyo?

Ila na wewe uliyeacha, sikiliza. Furahi, sujudu sijda ya shukrani, mnunulie mama sukari kwa ile pesa ya mkeka (atakuombea dua ambayo hukuwahi kuombewa). Lakini mbona unatuwekea picha za mikeka ya zamani, na kiasi ulichokula siku ile? Allah alikusitiri, unajifunua mwenyewe! Na kuna mwenzio ana siku tatu tu tangu aache. Akiiona laki mbili yako, mkono unamwasha. Sema "nimeacha, alhamdulillah," inatosha.

Na ile programu ya kubeti, bado ipo kwenye simu? Ifute sasa hivi, kabla ya mechi za jioni.