Kontere ya ordinatere itajaa, na miaka yetu ya kazi iko ndani

Ndugu wachimbaji, kila mtu aliyepanda kamiyo ya zamani anajua kontere ya kilometa. Ikifika 99 999, kilometa moja tena na yote inarudi ku zero. Kamiyo haikugeuka mpya. Ni namba ndizo zilikosa fasi.

Ordinatere nazo ziko na ugonjwa huo. Nyingi zinahesabu wakati kwa sekonde, kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 1970, na kwa zile za mtindo wa zamani kontere inaishia ku 2 147 483 647. Hiyo ni tarehe 19 mwezi wa kwanza 2038. Sekonde inayofuata hairudi ku zero kama kamiyo: inaanguka chini ya zero, na ordinatere inasema tuko mwezi wa 12 mwaka 1901. Mu 1901 hata Union Minière ilikuwa haijazaliwa!

Mutasema hayo ni mambo ya wenye masomo. Hapana. Diski inayotunza saa zetu za kazi inaandika tarehe ku kila fishie iliyo ndani yake. Kijana aliyeingia kazi leo na miaka 25 atakuwa bado ku shimo mu 2038. Siku ataomba pansyo, na fishie yake inaonyesha 1901, nani atamwamini? Mimi mwenyewe, ku kampani moja nilipofanya kazi zamani, nilipoteza saa za usiku za mwezi muzima, sababu mashine haikuziona. Wenzangu wa poste walishuhudia. Bilo iliamini mashine.

Dawa iko. Watu wa Linux walitoa, mwisho wa 2020, namna mpya ya kuandika tarehe ku diski za aina ya XFS. Inafika mpaka mwaka 2486. Lakini kuingiza programu mpya tu haitoshi. Diski iliyotayarishwa zamani inaendelea na kontere ya zamani mpaka fundi aigeuze. Hapo ndipo ninaogopa, maana kazi isiyoongeza tani haina haraka kwa patro.

Basi ku mkutano ujao delege aulize, na ajibiwe kwa maandishi: diski zinazotunza saa zetu ni za aina gani, na zitageuzwa mwaka gani? Mpaka jibu lije, musitupe buletini za mushahara. Ba mama, muziweke pamoja na karatasi za ubatizo.