Tupime maji kabla ya kutundika chaza

Mabwawa yetu ya samaki aina ya mwatiko yako nyuma ya mikoko, huku Kilifi, na maji huingia kutoka horini wakati wa bamvu kwa mlango mmoja tu. Sasa vipo vikundi vinavyotaka kufuga chaza kwenye hori hilo hilo. Kila semina tunaambiwa: chaza husafisha maji, kwa hiyo mwatiko watanawiri. Mradi naukubali. Akina mama wanaobandua chaza kwenye mizizi ya mikoko wanastahili kipato cha uhakika. Ila maneno hayo ya semina ni nusu ya habari.

Chaza huchuja lita kadhaa za maji kila saa, na anachonasa si chote kinachokufa. Watafiti wa Maine, Marekani, waliwajaribu kome, ndugu zake, wakaona wanakusanya mwilini bakteria aitwaye Vibrio anguillarum, na kinyesi chao kikaweza kuwaambukiza samaki. Kwa upande mwingine, virusi vya upungufu wa damu wa samoni havikudumu ndani ya kome. Basi kila ugonjwa una tabia yake, na ya magonjwa ya mwatiko na chaza wetu lazima ichunguzwe hapa hapa, kwenye maji yetu ya vuguvugu.

Hofu yangu kubwa ni ndoo ya kubebea mbegu, yaani viumbe wachanga wa kufugwa. Mwaka 2011 ugonjwa wa madoa meupe uliingia mashamba ya kamba Msumbiji. Mwaka 2012 ukafika Madagaska. Kaa anaweza kubeba virusi vyake bila kufa, na mabwawa mengi ya mwatiko yana kaa na kamba pia. Hata hivyo mtu huleta kaa wachanga kwa ndoo kutoka hori jingine, akawamwaga, na hakuna anayemuuliza wametoka wapi. Chaza wachanga nao watakuja vivyo hivyo tukinyamaza.

Naiomba kaunti ichukue sampuli za mwatiko, kaa na chaza wa mwituni kabla ya kamba ya kwanza ya kutundikia chaza kufungwa. Mkondo upimwe wa kujaa na wa kupwa, ili chaza wakae mbali na milango ya mabwawa. Mbegu isivuke hori bila kukaguliwa. Na vichwa vya kamba wa friji visilishwe kaa, maana barafu haiui virusi vya madoa meupe.

La ndoo halihitaji bajeti. Kikao kijacho cha BMU, kikundi chetu cha usimamizi wa ufuo, nitaomba tuanze nalo: kila anayeleta mbegu aandikishe alikoitoa, mimi nikiwa wa kwanza.