Kabla ya kulaumu chapati, ipimwe tezi

Mtu akiambiwa kolesteroli imepanda, lawama huangukia sahani yake: chapati, nyama choma, mafuta ya kukaangia. Mara nyingi lawama ni ya haki. Lakini wapo wanaojinyima miezi na miezi, na kipimo hakishuki, kwa sababu kasoro iko shingoni: tezi ya thairoidi inatoa homoni pungufu.

Homoni inayotoka kwa wingi kwenye tezi hiyo ni T4, yenye atomu nne za iodini, yale madini joto yanayotajwa kwenye pakiti za chumvi. Ini huiondolea atomu moja, ikabaki T3, yenye nguvu zaidi. T3 huingia hadi ndani ya kiini cha seli, ambako protini maalumu imekaa juu ya DNA ikiisubiri. Mwaka 1986 maabara ya Ronald Evans huko California na ya Björn Vennström huko Heidelberg ndizo zilizoitambua. Cha ajabu, protini hiyo haisubiri bure. T3 isipofika, huita protini nyingine zinazoibana DNA, na jeni zikanyamaza. T3 ikifika, wabanaji huachia, wasaidizi wengine huingia, jeni zikaanza kusomwa.

Mojawapo ni jeni ya kipokezi cha LDL, mlango ambao ini hutumia kuchota kolesteroli kwenye damu. Homoni ikipungua, milango hupungua, na kolesteroli hubaki mishipani. Mchicha hauwezi kuifanya kazi hiyo.

Hii si ruhusa ya kumeza homoni kiholela ili kupunguza mafuta au unene. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti Marekani walianza kuwapa wagonjwa wa moyo dekstrothairoksini, aina ya homoni ya thairoidi. Kolesteroli ilishuka, lakini vifo vikaongezeka, dawa ikasitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Moyo nao husikia homoni hiyo, zaidi kupitia aina ya alfa ya ile protini inayoisubiri T3, wakati ini hutegemea aina ya beta. Ndiyo maana dawa ya resmetirom, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024 kwa ugonjwa wa ini lenye mafuta na makovu, ilitengenezwa kulenga beta.

Mwenye upungufu wa kweli ana tiba ya kawaida, kidonge cha levothairoksini kila siku. Tatizo ni kumtambua. Uchovu, kuhisi baridi, ngozi kavu na kuongezeka uzito huitwa uvivu au uzee, hasa kwa wanawake. Kipimo cha TSH, kinachoonyesha kama tezi inatoa homoni ya kutosha, kingeweza kufanywa kwa damu ileile iliyochukuliwa kupima kolesteroli, kabla mgonjwa hajapewa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa.