Ngazi zitofautiane, lakini kila fasi iwe na ngazi

Raia wenzetu, vijana wa Goma, Bukavu, Bunia, Kindu, Lubumbashi na kila fasi munapotusoma,

Leo tunaongea tenisi. Wengine watacheka: tenisi ya Wamarekani inatuhusu nini, siye wenye kubeba bidoni asubuhi na kulala bila umeme? Inatuhusu, juu ndani yake kuna swali tunalolijua vizuri. Kama inchi ni kubwa na watu hawako sawa kwa hesabu, nani anapata kiti kwenye meza ya mwisho, na anapita wapi kufika pale?

Marekani iko na shampiona ya wachezaji wa kawaida, watu wenye kazi zao, wanaocheza jioni na wikendi bila mshahara. Inaitwa USTA League. Ilianza 1980 na imefika kukusanya wachezaji zaidi ya 300,000. Watu wanacheza kwa ekipe, na kila mchezaji anapewa namba ya kiwango chake: 2.5, 3.0, 3.5 na kuendelea juu, ili mwenye kujifunza asikutanishwe na fundi.

Federasyo yao imegawa inchi katika sehemu 17. Kwa kila kiwango, kila sehemu inatuma bingwa wake mmoja kwenye mashindano ya taifa. Kwa karatasi, huo ni usawa kabisa.

Sasa muangalie njia. Sehemu ya Southern peke yake iko na majimbo 9, toka Arkansas mpaka North Carolina. Ekipe ya Atlanta inashinda kwanza kwenye kundi lake, kisha mjini, kisha inakuwa bingwa wa jimbo la Georgia, kisha inakutana na mabingwa wa majimbo mengine. Hapo tu njo inapata kile kiti kimoja. Texas, yenyewe, karibu jimbo zima ni sehemu moja. Florida vile vile. California imekatwa mara mbili, kaskazini na kusini, kwa hiyo jimbo moja linatoa mabingwa wawili. Hawaii na visiwa vya Pasifiki ni sehemu moja: watu ni wachache, lakini mtu anapanda ndege juu ya kucheza na mwenzake wa kisiwa cha pili. Puerto Rico na visiwa vya jirani nao wako na kiti chao kizima.

Mchezaji wa Atlanta anaweza kusema: tunaonewa, ekipe yetu inakufa kwenye jimbo, na huenda kule mbali ingekuwa bingwa. Mchezaji wa Honolulu anajibu: mukihesabu vichwa tu, siye hatutaonekana hata siku moja. Wote wawili wanasema kweli. Kuna haki ya hesabu ya watu, na kuna haki ya mahali. Ukishika moja peke yake, unaumiza mtu.

Wamarekani hawakumaliza ubishi huo. Lakini waliweka mambo yanayofanya watu wakubali kushindwa. Kanuni zinaandikwa na kutangazwa mbele ya msimu kuanza. Mchezaji hawezi kuingizwa dakika ya mwisho kwenye ekipe ya taifa: lazima awe amecheza mechi kadhaa na ekipe ile ile. Na kuna wadanganyifu, kama kila fasi: mtu mwenye nguvu anajiandikisha kwenye kiwango cha chini ili akule wadogo. Kwa hiyo kompyuta inapima matokeo ya kila mechi, na mwenye kuonekana mara tatu amevuka kiwango chake anatolewa. Ngazi ni tofauti, lakini kila mtu anaiona ngazi yake toka chini mpaka juu.

Hapa kwetu tunaishi swali hilo hilo. Baraza la Seneti linafuata haki ya mahali: kila provinsi maseneta 4, Kinshasa 8, jumla 108 wanaochaguliwa. Bunge la taifa, lenye viti 500, linafuata hesabu ya watu waliojiandikisha kupiga kura. Mzani huo ni mzuri kwa karatasi, na hatuukatai.

Lakini tarehe 20 Desemba 2023, watu wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakupiga kura, juu ya vita na usalama mbovu. Kwao ngazi haikuwa ndefu wala fupi. Haikuwepo. Na hapo njo tunaweka mstari wetu: njia ndefu inaweza kuvumiliwa, kama imeelezwa na inapitika. Kukosa njia hakuvumiliki, hata kama sheria inasema kiti chako kipo.

Tusiangalie tu wakubwa. Siye wenyewe tunapanga turnwa za kartye, mashindano ya shule, uchaguzi wa komite za vijana. Ni mara ngapi ekipe ya mbali inaambiwa ije kucheza mjini kwa franka zake, wakati ekipe ya mjini inavuka tu barabara? Ni mara ngapi kanuni inabadilishwa kwenye nusu fainali, juu mtoto wa mukubwa ametolewa? Tukifanya hivyo kwenye tereni, tutadai nini kwenye serkali?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, kwa kila mwenye kupanga mashindano au uchaguzi wa vijana, na tunaanza na siye wenyewe.

Moja: kanuni ziandikwe na zibandikwe mbele ya mechi ya kwanza, kwa lugha ambayo watu wanaielewa.

Mbili: hesabu ya nafasi kwa kila komini au teritwari ielezwe. Kama mumefuata watu, museme. Kama mumefuata mahali, museme.

Tatu: michango isaidie kwanza nauli ya wanaotoka mbali.

Ine: malalamiko yasikilizwe na watu wasio na ekipe ndani ya mashindano.

Hayo hayahitaji mfadhili wala ruhusa ya gavana. Yanahitaji karatasi, gundi na watu wasioogopa kushindwa.

Kwa hiyo, kijana, mara ijayo wakikuita kuandikisha ekipe yako, usilipe kwanza. Uliza: njia yetu inapita wapi, na njia ya wengine inapita wapi? Kama hakuna anayeweza kukujibu, mukae chini muandike kanuni pamoja. Mpira utangoja.