Seli shina si vidonge vya kopo

Wiki mbili zilizopita bibi mmoja wa hapa Makorora alinijia na mjukuu wake mwenye selimundu, macho ya mtoto yamekuwa manjano, na yeye bibi kashika kopo la vidonge. "Ustadh," akaniambia, "wamesema humu mna seli shina, zitamuoteshea damu mpya." Aliuza cherehani kulipata kopo hilo, na foliki asidi ya mtoto wameiacha tangu mwezi uliopita.

Nasema wazi kuwa huo ni udanganyifu. Seli shina za damu ni chembe hai zinazokaa katika uloto, ndani ya mifupa, na ndizo zinazozaa chembe zote za damu. Hazikai kwenye kidonge kikavu, na hata ukizimeza, tumbo litazisaga kama wali.

Wataalamu wenyewe zinawahangaisha. Wakizitandaza kwenye kisahani bapa cha maabara, upesi zinageuka chembe za kawaida, na ile nguvu ya kuzaa inapotea. Ndani ya mfupa hazikulala sakafuni. Zina majirani juu, chini na ubavuni. Ndiyo maana sasa wanajaribu kuziotesha ndani ya vitu vyenye vitundu vitundu, mfano wa dodoki la kuogea, zijione zipo nyumbani. Kazi nzuri, masha Allah, lakini bado ni utafiti. Marekani iliidhinisha Aprili 2023 tiba ya damu ya kitovu iliyozidishwa maabara kwa njia nyingine, nayo wakati huo ilikuwa ya wagonjwa wa saratani za damu.

Kilichopo kwetu ni kupandikiza uloto wa ndugu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuoana kabisa na mgonjwa. Wa mama mbalimbali ni nadra sana. (Enyi wenye mitara, watoto kumi si wachangiaji kumi.) Na mnaooza binamu kwa binamu, pimeni damu kabla ya posa: wote wawili wakibeba asili ya selimundu, kila mimba ina hatari ya moja kati ya nne.

Mtoto nimemrudisha kwenye foliki asidi, na nimewaandikia barua ya Bombo wakaulizie haidroksiyurea. Kopo bibi ameondoka nalo. Anasema anakwenda kudai pesa ya cherehani yake.