Mwacheni Dalali, Itazameni Kalenda

Mwanasiasa akipewa kipaza sauti mazishini hapa Gusii, hamalizi bila kumtaja mkulima, na hamtaji mkulima bila kumtukana dalali. Ndizi zimeshatolewa hotuba, maparachichi vilevile, majani chai yana hotuba za kudumu. Sasa zamu imewafikia kondoo. Tunaambiwa kwamba mkulima wa Kiogoro angekuwa ameshajenga nyumba ya mawe kwa kondoo wake wawili watatu, lau si wale wanaume wenye makoti na fimbo wanaozunguka sokoni, wakimbonyeza mnyama mgongoni na kutaja bei inayofanana na tusi. Waombolezaji hupiga makofi, marehemu husahaulika kwa dakika kumi, na kauli hiyo hurudi nyumbani na watu, kisha huingia redioni, kisha madhabahuni, mpaka imekuwa imani: bei ikipanda ni Mungu, ikishuka ni dalali. Imani hiyo ni ya uongo. Tena humgharimu mkulima kuliko dalali yeyote aliyewahi kukanyaga soko la Keroka, kwa sababu inamfundisha kuukodolea macho mkono wa mnunuzi na kuisahau siku aliyochagua kuuza.

Tuanze na siku hiyo. Shule za Kenya hufunguliwa Januari, hufunguliwa tena kuelekea Mei, na mara ya tatu mwishoni mwa Agosti. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti yetu ya Kisii, takriban 957 kwa kila kilomita ya mraba. Palipobanana namna hiyo hakuna malisho ya kuachilia kundi. Kondoo hufungwa kamba kando ya barabara, na kwa wengi wenye kondoo hao si biashara hata kidogo, ni akiba yenye miguu. Akiba hiyo hufunguliwa na nyumba zote kwa pamoja, wiki ya karo. Wa Kiogoro anamtoa wake, wa Keumbu anamtoa wake, wa Ibeno na wa Birongo vilevile, wote wanakutana sokoni wakiwa na karatasi ya mwalimu mkuu mfukoni. Mnunuzi hahitaji ujanja wowote siku hiyo. Anasubiri tu ifike saa nane mchana, muuzaji aanze kuwaza safari ya kurudi na kondoo huku mtoto anangoja karo. Bei itashuka hata mnunuzi awe malaika. Na kalenda iliyowaleta wauzaji wote siku moja haikuandikwa na dalali. Huandikwa na Wizara ya Elimu, na hutangazwa mapema ili kila mtu aisome.

Sasa itazame Desemba. Walio Nairobi, Nakuru na Mombasa wanarudi nyumbani na pesa, wavulana wanatoka jandoni, harusi zinafuatana, Krismasi inasogea, na kila boma linatafuta kitu cha kuchinja. Bei hupanda. Nani ameipandisha? Dalali wa Desemba ni yule yule wa Januari. Koti ni lile lile na fimbo ni ile ile. Kama ana uwezo wa kuiangusha bei apendavyo, mbona anaiachilia ipande katika mwezi ambao angefaidi zaidi kwa kuikalia? Wanaomlaani hawana jibu la swali hili, na wengi hawajawahi kujiuliza. Mtu asiyeweza kuizuia bei isipande Desemba hawezi kuwa ndiye anayeiangusha Januari. Yeye naye huikuta bei sokoni kama unavyoikuta wewe, ila yeye amewahi kufika na kuhesabu wanyama waliofungwa pale kabla ya kufungua mdomo. Aliyemuuza kondoo wake wiki ya pili ya Januari alikuwa naye wiki ya tatu ya Desemba. Hakuibiwa na mtu. Alichelewa.

Kuna jambo jingine ambalo hotuba za mazishini hazigusi, nalo ni kwamba bei ya kondoo wa Kisii haitengenezwi Kisii. Sensa ya 2009 iliwahesabu kondoo milioni 17.1 nchini Kenya, na sehemu kubwa yao wako katika kaunti za wafugaji: Narok, Kajiado, Turkana, Marsabit, Samburu na kwingineko kunakokauka. Linganisha jirani na jirani. Kisii ina eneo la takriban kilomita za mraba 1,300. Narok ina karibu 18,000, na mwaka 2019 watu wake walikuwa 1,157,873, pungufu ya Kisii. Nyasi ziko upande gani? Lori likishusha kondoo kutoka Narok, wale wawili wa Kiogoro wanakuwa wageni katika soko lao wenyewe. Mvua ikikosekana huko, mfugaji huuza kabla mnyama hajafa, anauza aliyekonda, anauza pamoja na jirani zake wote, na bei inaanguka huku migomba ya Kiogoro imesimama kijani kibichi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukame wa kati ya 2020 na 2023, uliomeza misimu mitano ya mvua mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2.5 nchini. Baada ya vifo vya namna hiyo mambo hugeuka: mvua inarudi, mfugaji hauzi tena, anataka majike ya kuanzisha kundi upya, na bei inapaa. Dalali wetu wa Keroka hakuizuia mvua wala hakuirudisha.

Upepo mwingine huvuma kutoka mbali zaidi. Mwaka 1998 Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, ikaufunga tena mwaka 2000, na haukufunguliwa hadi 2009. Wafugaji wa Somalia waliokuwa wakipitisha kondoo na mbuzi bandari ya Berbera walibaki na wanyama wasio na mnunuzi. Ugonjwa huo ulipolipuka Kenya mwishoni mwa 2006, ukianzia upande wa Garissa, ulizuiwa kwa kufunga masoko na kupiga marufuku uchinjaji katika maeneo yaliyoathirika, na watu zaidi ya 150 wakafariki kabla haujatulia. Leo nyama ya mbuzi na kondoo wa Kenya hupakiwa ndegeni kwenda Dubai, Doha na Muscat, kwa hiyo Ghuba ikinunua kwa wingi au ikisita, mwangwi wake hufika hadi kwa mtu asiyejua Doha iko wapi. Mambo haya yote, mvua, ugonjwa, sikukuu, ndege, mwanasiasa ameyafungasha ndani ya koti la mtu mmoja mwenye fimbo.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao wanalolipenda ni hili: kama dalali hana hatia, mbona ana pikipiki mpya? Hoja nzito kweli. Kwa hesabu hiyo muuza majeneza ndiye anayewaua watu, na kinyozi ndiye anayeotesha nywele. Dalali anakodi lori, anatafuta kibali cha kusafirisha mifugo, analipa ushuru wa soko, na kondoo akifa njiani hasara ni yake. Akinunua hamsini na kubakiwa na faida ndogo kwa kila mmoja, pikipiki ataipata. Anayeuza mmoja kwa mwaka hataipata hata apewe bei ya Desemba mwaka mzima. Tofauti iko kwenye hamsini na mmoja, wala haihitaji uchawi kuielewa.

Pingamizi la pili lina uzito kiasi: dalali hukadiria uzito kwa mkono na humpunja muuzaji. Humpunja, ndiyo. Mkono ulioshika maelfu ya migongo utamshinda mwenye kondoo wawili kila siku ya soko. Lakini dawa ya mkono ni mizani, na utepe wa kupimia kifua cha mnyama, unaokadiria uzito wake kwa kiasi cha kuridhisha, ni kitu cha bei rahisi ambacho kikundi cha akina mama kumi kinaweza kununua bila harambee. Tunapima sukari, tunapima misumari, tunapima majani chai kwenye kituo cha kununulia na kugombana na karani kwa nusu kilo. Halafu tunamuuza kondoo kwa kumtazama. Katika masoko mengi ya mifugo nchini mtoza ushuru ndiye mtu wa kwanza kufika na mizani ndicho kitu kisichofika kabisa. Hapo ningependa kusikia hotuba ya mazishini, maana ushuru huo una mwenyewe na mwenyewe huyo huomba kura.

Badala yake tunaahidiwa kwamba serikali itaweka bei ya chini ambayo kondoo hatauzwa chini yake. Ahadi hii imeshajaribiwa na watu wenye pesa kutuzidi. Australia ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 160, na wakulima wake, kwa msaada wa serikali, wakaweka bei ya chini kwa sufi: mnunuzi asipofika kwenye bei hiyo, shirika lao lingeinunua sufi na kuiweka ghalani. Bei iliwekwa juu, wafugaji wakaongeza kondoo, wanunuzi wakajiondoa, maghala yakajaa. Februari 1991 mpango ulivunjwa ukiwa umekalia robota milioni 4.7, na kondoo kwa mamilioni walipigwa risasi mashambani kwa sababu kuwalisha kulizidi thamani yao. Rundo lile la sufi halikuisha hadi 2001. Na sufi huhifadhika ghalani. Kondoo hai hula kila siku. Kaunti itawaweka wapi wa kwake, ndani ya ofisi za bunge la kaunti?

Kabla sijatoka hapo, kuna uongo mdogo unaotembea pamoja na huu mkubwa, nao ni uongo wa Dorper. Kila bei inapoanguka hutokea mtu wa kumwambia mkulima kwamba shida yake ni aina ya kondoo, na kwamba akinunua dume la Dorper atakuwa na mnyama mzito ambaye dalali hawezi kumdharau. Nchi hii haijifunzi. Ni juzi tu, 2013 na 2014, ambapo mayai ya kware yalikuwa tiba ya kila ugonjwa na utajiri wa kila boma, kisha mwaka haukuisha kabla kware hawajakosa wa kuwapokea hata bure. Dorper ni kondoo mzuri, aliyetengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya nchi kavu. Gusii si nchi kavu. Hapa mvua hunyesha karibu mwaka mzima, majani yana unyevu, na kondoo aliyefungwa kamba hula pale pale alipokunya jana, ndiyo njia fupi kabisa ya kufuga minyoo inayonyonya damu. Watafiti waliomlinganisha Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai huko Diani, katika unyevu wa pwani, miaka ya 1990, walimkuta mwekundu amemwacha mbali, kwa sababu mwili wake huihimili minyoo hiyo. Katika nyika kavu Dorper hakuaibika. Lakini mwekundu hana tangazo gazetini wala hana mtu wa kumwuza dume kwa bei ya ng'ombe, kwa hiyo tutaendelea kumdharau.

Nitaambiwa kwamba ni rahisi kumhubiria maskini asubiri, ilhali shida haisubiri. Ugonjwa na msiba haviandiki barua kabla ya kuja, hilo kweli, na anayemuuza kondoo kumtoa mgonjwa hospitalini hana la kuulizwa. Karo ni habari nyingine. Tarehe ya karo inajulikana mapema. Idi ya kuchinja inajulikana miaka mingi kabla: husogea nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, ilikuwa mwishoni mwa Juni 2023 na mapema Juni 2025, na anayelenga wanunuzi wa Nairobi na Mombasa anaweza kuihesabu kwa vidole. Krismasi haijawahi kuhama. Chama kinachoweza kumkopesha mwanachama pesa za kununulia sufuria kinaweza kumkopesha karo ya Agosti, kondoo akiwa dhamana, alipe akishauza Desemba. Na maboma kumi yakipeleka kondoo kumi siku moja, waliopimwa, dalali atazungumza kwa adabu, maana sasa anajaza lori bila kuzunguka vijiji vitatu. Hata yeye anaupenda mpango huo, ingawa hawezi kuusema.

Kondoo hubeba mimba miezi mitano. Jike akipandwa mwishoni mwa Septemba atazaa mwishoni mwa Februari, na mwana atakuwa na miezi tisa na ushee Krismasi ikifika, akiwa amekula majani ya mvua za masika na za vuli. Siku hizi kupandwa huko huachiwa bahati: dume lolote lililokata kamba huko barabarani ndilo linaloamua mwaka wa mkulima utakuwaje. Basi aliye na jike Kiogoro na amzuie asipandwe ovyo, na Septemba ikifika atafute dume, aandike tarehe kwenye ukuta wa jikoni, ampe dawa ya minyoo, na mwana akizaliwa asimuuze kwa mtu yeyote kabla ya wiki ya pili ya Desemba, hata mheshimiwa mwenyewe akija kumnunua.